Kadi Mbili za Mwili Mmoja

9 Januari

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimekalia ndoo niliyoipindua, maana kiti kimoja tulicho nacho mwanangu Bosi amekigeuza gari lake na hataki abiria. Huku tunaendelea. Baba yake amepata kazi ya kupaka rangi shule nzima, madarasa kumi na manane, kila siku anarudi na nywele nyeupe kama babu. Bosi ametimiza mwaka na miezi minne, ana meno manane na amri mia. Jana kamwambia baba yake "toka," na baba yake katoka.

Kopo lako la unga wa kusafisha tumbo limefika salama. Jumamosi ya mwisho wa mwezi nilikunywa kijiko kama ulivyonizoesha tangu nikiwa mdogo, na Jumapili yote niliimaliza chooni, kama kawaida.

Sasa neno lenyewe. Shangazi, mwili unanishinda. Maumivu hayana makao. Asubuhi yako mabegani, mchana yamehamia kwenye nyonga, jioni hata ngozi ya mikono inauma nguo ikiigusa. Nalala kwa saa nane nzima naamka kama niliyebeba matofali. Zahanati nimekwenda kwa ajili ya mabega, nikapewa vidonge vya maumivu. La tumbo sikulisema pale, maana ulinifunza kwamba la tumbo halitoki nje ya nyumba.

Lakini tumbo nalo halinipi nafasi. Siku nne limefunga, siku ya tano linanitoa mara sita kabla ya mapumziko. Unajua kazini mstari wetu wa cherehani una wanawake kumi na wawili na kibao kimoja cha choo. Ni kipande cha mbao chenye kamba. Ukienda unakivaa shingoni, na asiye nacho haruhusiwi kunyanyuka. Wenzangu wameshanibatiza Mwenye Kibao. "Mwenye Kibao, tuazime basi, na sisi tuna vibofu!" Nacheka nao. Ningefanyaje?

Msimamizi hacheki. Kola za sare zinatakiwa mia mbili kwa siku, zangu zinatoka mia na ishirini. Amenipa hadi mwisho wa Aprili, baada ya hapo kiti changu kina mtu.

Na hilo bado si kubwa. Jumapili iliyopita nilimwogesha Bosi, nikashindwa kumtoa kwenye beseni. Si kwamba ni mzito. Mikono ilikataa. Akainyoosha yake juu, akasubiri, nami nimesimama tu namtazama mpaka maji yakapoa. Baba yake ndiye aliyekuja kumtoa. Naogopa kitu kimoja, Shangazi: nishindwe kumlea, alelewe na mwingine. Mimi nimelelewa na wewe na sikukosa kitu. Lakini bado hili naliogopa.

Nakusalimu kwa mikono miwili, huu mmoja ukiwa unauma.

Binti wa kaka yako


27 Januari

Kijiko,

Marahaba. Ungenisikia ninavyocheka peke yangu na huyo Bosi wako. Amechukua kwa nani ubabe kama si kwako wewe, uliyekuwa unalala na kijiko mkononi usije ukanyang'anywa? Mwambie bibi yake anasema naye "toka."

Mimi mzima. Paa linavuja palepale. Mwalimu, jirani yangu, amestaafu na sasa hana mwanafunzi wa kusahihisha, anasahihisha kuku wangu.

Nimekusoma. Nilishakwambia: uchafu wa tumbo ukikaa sana unapanda kwenye maungo. Wewe unakunywa kijiko kimoja kwa mwezi, utasafisha nini hapo? Kunywa viwili, kila Jumamosi. Nakutumia kopo jingine, kubwa. Na hayo maneno ya tumbo usiyapeleke mbele za watu, utachekwa, na mwanamke akishachekwa kazini hana kazi tena. Mimi nimepiga pasi pale hotelini miaka ishirini na miwili, najua.

La Bosi ni rahisi. Nitumie. Baba yake akimaliza shule hiyo apande naye basi amlete. Nitakaa naye mwaka mmoja, miwili, mpaka upone. Nitampakata mchana kutwa. Nilikulea wewe nikiwa na pasi mkono mmoja, nitashindwa na huyu wa meno manane?

Usilie. Ukilia tumbo linajaa upepo.

Shangazi yako


3 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Najua barua hii imechelewa, na unajua nikichelewa huwa kuna jambo. Bosi mzima, jino la tisa limetoka. Baba yake amefika darasa la kumi na moja na anasema akiona rangi ya bluu tena atahama dunia.

Nilikutii. Vijiko viwili, kila Jumamosi, Jumamosi tatu. Ya tatu ilipita, Jumatatu nikiwa kazini miguu ikalegea, moyo ukaenda mbio, nikaanguka juu ya cherehani. Kibao kilikuwa shingoni mwangu. Walinibeba hivyohivyo hadi hospitali kubwa, nikafika na kibao cha choo kama medali.

Walinitundikia maji siku mbili. Wakasema nimekaukiwa, maji na chumvi za mwili zimeniishia. Akaja daktari, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta.

"Kadi yako?"

Nikatoa ya kijani. Na nyeupe ikafuatana nayo, ikaanguka mezani.

"Hii ya nani?"

"Yangu."

"Zote mbili zako? Una miili miwili?"

Shangazi, hapa lazima nikuambie nililokuficha. Kadi ya kijani ni ya zahanati ya jirani na kiwanda. Pale nilitibiwa mabega na mgongo. Tumbo lilipozidi nikaona haya kumkabili nesi yuleyule, nikapanda basi mpaka zahanati ya upande wa pili wa mji nisikojulikana, nikaanza upya na kadi nyeupe. Mwaka mzima nimekuwa wagonjwa wawili. Wa kijani anameza vidonge vya maumivu kutwa mara mbili. Wa nyeupe analalamika kiungulia na kuharisha. Hakuna aliyewakutanisha.

Daktari akaziweka kadi ubavu kwa ubavu, akazisoma tarehe kwa tarehe. Akaniambia, "Huyu wa kijani anakuchoma tumbo, na huyu wa nyeupe anahangaika kuzima moto asioujua umewashwa na nani. Na hiki unachokunywa Jumamosi kinamwaga maji ya kuuzimia moto huo."

Wamepima damu, choo, na tezi ya shingo. Nimerudi mara tatu, naye kabonyeza mwili wangu kama anayechagua parachichi. Mwishowe akaniandikia jina kwenye karatasi maana ulimi wangu ulikataa: fibromialgia. Anasema mifupa yangu haijaoza na si mimi mvivu. Mishipa ya fahamu imekuwa inapaza sauti, mguso unasikika kama kipigo. Na tumbo nalo lina mishipa yake ya fahamu, linaongea na ubongo kutwa. Ndiyo maana wengi wenye ugonjwa huu wana tumbo kama langu, la kuvurugika kwa kitu kidogo. Usingizi ukiharibika maumivu yanapanda, maumivu yakipanda tumbo linachafuka, tumbo likichafuka usingizi unaharibika tena. Nikamuuliza kipi kilianza. Akasema hata wataalamu bado wanatafuta, nisidanganywe na anayejidai anajua.

Nikamuuliza kama nitapona. Hakunidanganya. Hakuna dawa ya kuumaliza. Yapo ya kuupunguza, mengi ni madogo madogo, na yote yanataka mtu mkaidi.

Nikamwambia hapo amefika penyewe.

Sasa nakuomba unisikilize bila kukasirika, ingawa najua utakasirika. Unga sitakunywa tena. Kopo nimeliosha, Bosi anaweka ndani yake vifuniko vya chupa. Na Bosi haji huko. Hata nikimlea nikiwa nimekaa chini, nitamlea mimi.

Nakupenda, na hili halibadiliki kwa lile.

Kijiko wako


30 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Sijapata jibu lako. Labda basi limepoteza barua. Labda wewe.

Nakuandikia vilevile. Nina daftari sasa. Naandika nimekula nini, nimelala vipi, panauma wapi, choo kimekuwaje. Ndiyo, nimeandika na choo, kwa wino. Nimeshajua vitunguu vibichi vinanichafua na maharage yakizidi kikombe yananilipiza. Ndizi na wali havina neno na mimi. Daktari kanionya nisikimbilie kuacha kila kitu nikabaki mifupa. Najaribu kimoja kimoja. Jioni natembea kutoka kiwandani hadi kwenye kona ya duka la vioo na kurudi, dakika kumi. Wiki ya kwanza niliona ni adhabu. Sasa naona ni kazi tu, na kazi naijua.

Vidonge vya zamani vimeachishwa, nimepewa kingine cha kumeza kabla ya kulala. Si kila siku nzuri. Alhamisi nililia kwa ajili ya kufungua kopo la sabuni.

Lakini Ijumaa nilimpelekea msimamizi barua ya daktari. Nikamwambia nataka mstari wetu uwe na vibao viwili.

Akasema, "Mstari una kibao kimoja tangu kiwanda kinaanza."

"Basi kimechoka. Kipate mwenzake."

"Na kola?"

"Nikiacha kukaa nimebana tumbo, mikono itashona. Nipe mwezi uone."

Akaikunja barua, akaitia mfukoni. Baba Bosi akakata kipande cha rafu iliyovunjika, akakipaka bluu ya shule, nikakitundika mwenyewe ukutani Jumatatu asubuhi. Msimamizi alipita akakitazama, akaenda kunywa chai. Mpaka leo kipo. Na si mimi peke yangu ninayekivaa, kumbe wengi walikuwa wanajibana kimyakimya.

Niandikie, hata kwa kunigombeza.

Kijiko


14 Aprili

Kwa mpendwa binti wa kaka,

Natumaini barua hii itakukuta katika hali ya afya njema. Nimepokea barua zako zote mbili na yaliyomo nimeyaelewa. Hali yangu ni nzuri, na kuku hali kadhalika.

Nimesikitishwa na uamuzi wako wa kuitupa dawa ambayo nimeitwanga kwa mikono yangu. Aidha, nimesikitishwa kwamba mambo ya ndani ya nyumba yameandikwa kwenye daftari. Kuhusu mtoto, ombi langu liko palepale. Nina nguvu za kutosha, na nyumba ina nafasi ya kutosha.

Wasalimie wote wanaonifahamu.

Ni mimi, Shangazi yako


27 Aprili

Shangazi,

Shikamoo, na umpe Mwalimu shikamoo yake pia, maana barua ile ni yake.

Wewe hujawahi kuandika "aidha" tangu uzaliwe. Herufi zimesimama kama wanafunzi mstarini, mkato na nukta kila moja mahali pake, na hakuna hata tusi moja la mapenzi. Nimeisoma mara mbili nikitafuta "Kijiko," haimo. Kisha nikaacha kucheka. Kwa nini Shangazi yangu aandikiwe? Aliyenifundisha kuandika kwa mkaa sakafuni amekumbwa na nini mkononi?

Nitakuambia ninachokikumbuka, wewe uniambie kama nimekosea. Nakumbuka ukirudi kutoka kupiga pasi unaegemea ukuta wa barabarani kwanza, kisha ndiyo unaingia ukiimba, ili nisikuone umeegemea. Nakumbuka ukiniosha nywele ukiwa umekaa, hujawahi kusimama. Nakumbuka unakunywa uji tu siku tatu mfululizo ukisema unaupenda. Nakumbuka wanawake wa pale dobini walikuita Bi Kesho, kwa sababu rundo lako la mashuka halikuisha siku hiyohiyo, na wewe ulicheka nao kama mimi ninavyocheka na kibao. Nakumbuka Jumamosi zako za unga, na Jumapili zako mlango wa choo umefungwa, nami nimekaa nje nakuhesabia nyimbo. Na ulipoacha kazi miaka sita iliyopita ulituambia umewachoka. Nadhani mwili ndio uliokuchoka.

Hunidanganyi kwa ubaya, najua. Lakini unaniomba mtoto umpakate mchana kutwa, na kalamu imekushinda.

Unga uache, Shangazi. Nasema kama mtoto wako na nasema kama niliyeanguka na kibao shingoni. Labda wewe huna nilicho nacho mimi. Inawezekana ni kingine kabisa, ndiyo maana hatukisii. Nimekuandikia karatasi ya pili humu ndani. Mpelekee daktari wa hospitali ya kwenu, umpe mkononi, usiseme neno kama huwezi. Nimeiandika kwa sauti yako:

"Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na nane. Nimepiga pasi miaka ishirini na miwili. Mwili unaniuma sehemu nyingi kwa muda mrefu, na usingizi haunipumzishi. Tumbo langu linafunga na kufungua bila mpango. Kila Jumamosi nimekuwa nikinywa unga wa kuharisha, kwa miaka. Binti wa kaka yangu amegundulika na fibromialgia. Naomba uniangalie mwili na tumbo siku moja, kwa kadi moja."

Chini yake nimeacha mistari mitatu mitupu. Hiyo mimi siwezi kukuandikia, na Mwalimu asikuandikie.

Habari zangu: jana nimefikisha kola mia na sabini. Si mia mbili. Msimamizi kazihesabu, kakuna kidevu, kasema "mwezi ujao tena." Kiti bado changu. Na Bosi nimemtoa kwenye beseni mara nne wiki hii. Ya tano sikuweza. Nikatoa maji badala yake, nikaingiza taulo mlemle, akacheka kama tumegundua mchezo.

Nasubiri mwandiko wako, hata ukiwa mbaya kiasi gani.

Kijiko


8 Juni

Kijiko,

Marahaba. Usicheke herufi. Naandika maneno kumi, napumzika, nafukuza kuku, narudi. Barua hii ina siku tano.

Ulinikasirisha sana. Niliiweka ile karatasi yako chini ya godoro wiki tatu nikailalia, na bado iliniuma kuliko nyonga.

Hukukosea. Hata la ukuta. Nilidhani ulikuwa mtoto huoni.

Nilikwenda. Pale dirishani nesi akaniuliza kwa sauti, "Bibi, unaumwa nini?" Nyuma yangu watu arobaini. Nikampa karatasi. Akasema, "Miwani yangu iko ndani, nisomee." Mungu ana mambo. Nikasoma yote, Kijiko. La mwili nikalisoma, la tumbo nikalisoma, mpaka unga. Nikangoja wacheke. Nyuma kuna mwanamke akasema, "Afadhali wewe umesema," basi.

Daktari ni kijana, ningeweza kumchapa. Lakini alisikiliza. Unga kanikataza palepale, ila kanielekeza namna ya kuliachisha tumbo taratibu, maana limeshazoea kusukumwa. Kuhusu hilo jina lako refu hajasema ndiyo. Kasema kwanza wapime mengine, narudi tarehe ishirini. Kadi yangu ni moja. Nimeiandika jina kubwa.

Mistari yako mitatu niliijaza kwenye benchi. Wa kwanza niliandika: nimechoka kujifanya. Wa pili: sikuacha kazi, niliachishwa, nilidondosha pasi juu ya shuka la mgeni. Wa tatu nilikaa nao sana. Niliandika: nilimtaka mtoto wa Kijiko ili watu wanione nimembeba, wajue bado naweza.

Daktari kausoma huo, kanisogezea kiti.

Sasa sikiliza amri, za mwisho mwisho. Bosi akae na mama yake. Nikishapata majibu yangu nitakuja mimi. Mwalimu atanipandisha basi, amejitolea mwenyewe, anataka kusahihisha mabango ya njiani. Mnitafutie kiti cha chini, kifupi, chenye mgongo. Usiniletee huyo mtoto mikononi, sitamwinua, na sitaki mtu ajifanye hajaona.

Nitakaa. Atanikuta nimekaa, apande mwenyewe.

Shangazi yako, kwa mkono wake